Kobalti-60, linaki au zote mbili? Kuchagua mashine ya tiba mionzi huku ulinzi wa chanzo ukiwa kwenye hesabu

Proforma mbili zikiwa mezani, moja ya mashine ya kobalti-60 (yenye chanzo, yaani kipande cha metali kinachotoa mionzi muda wote) na nyingine ya linaki (inayotengeneza mionzi kwa umeme), bodi ya hospitali hukimbilia tarakimu ya mwisho. Kobalti huonekana nafuu, na kweli ni nafuu siku ya kununua. Kisichoandikwa kwenye proforma ni mzigo ambao sheria inamtwika mwenye leseni: kukilinda chanzo kisiibwe wala kuhujumiwa, tangu kinaposhuka bandarini hadi siku kinapoondoka nchini. Makala haya yanaziweka njia tatu (kobalti peke yake, linaki peke yake, na mbili kwa pamoja) chini ya vigezo vilevile, kwa ajili ya wanaotakiwa kuamua: waganga wakuu, wahandisi wa vifaa tiba, maofisa manunuzi na watu wa wizara.

Kwanza, kwa nini serikali zinaingilia. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, hugawa vyanzo vya mionzi katika makundi 5 kwa kulinganisha nguvu ya chanzo na kiwango ambacho kinaweza kumdhuru mtu vibaya. Kwa kobalti-60, chanzo chochote cha terabekereli 30 (terabekereli ni kipimo cha nguvu ya chanzo) au zaidi ni Kundi la 1, kundi la juu kabisa. Chanzo cha mashine ya tiba huwa na mamia ya terabekereli. Mwaka 1995 wapiganaji wa Chechnya waliacha kifurushi chenye sesiamu-137, kitu kingine chenye mionzi, katika bustani ya Izmailovo, Moscow. Hakikulipuliwa, lakini ujumbe ulifika. Baada ya Septemba 2001 mambo yalikwenda haraka: Kanuni za Maadili za IAEA kuhusu usalama na ulinzi wa vyanzo zilipitishwa mwaka 2003, azimio namba 1540 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la kuzuia silaha za maangamizi zisifike kwa magaidi, likafuata mwaka 2004, na Mkataba wa Kimataifa wa Kuzuia Vitendo vya Ugaidi wa Nyuklia mwaka 2005. Afrika Mashariki, iliyopigwa Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998 kwa milipuko ya kawaida, haihitaji kuelezwa mara mbili kwamba hatari si ya nchi za wengine.

Huku kwetu, Tanzania ina Sheria ya Nguvu za Atomiki namba 7 ya mwaka 2003 na Tume yake, TAEC, yenye makao makuu Arusha. Uganda ina sheria ya 2008 na Baraza la Nguvu za Atomiki. Kenya ilitunga sheria mpya mwaka 2019 iliyounda mamlaka ya udhibiti, KNRA, badala ya bodi ya zamani ya kinga ya mionzi. Majina na fomu hutofautiana, ila msingi ni mmoja: huwezi kuagiza, kumiliki, kuhamisha wala kutupa chanzo bila kibali, na mwenye leseni ndiye anayebeba jukumu la kwanza la ulinzi. Si mlinzi getini wala muuzaji.

Vigezo tutakavyotumia

1. Leseni na ulinzi: mdhibiti atadai nini kabla hujawasha mashine, na atadai nini kila mwaka.
2. Umeme na mafundi.
3. Tiba yenyewe: saratani zipi zinatibika vizuri.
4. Watu wanaohitajika.
5. Fedha kwa miaka 15, si bei ya kununulia tu.
6. Siku ya mwisho: mashine ikichoka, kinachobaki mikononi mwako ni nini.

Kigezo cha 1 na cha 6 ndivyo vinavyopewa nafasi ndogo katika vikao, kwa hiyo humu vimepewa nafasi kubwa.

NJIA YA KWANZA: Kobalti-60 peke yake

*Leseni na ulinzi.* Miongozo ya ulinzi ya IAEA ina viwango vitatu, A, B na C. Kundi la 1 liko kiwango A, ambacho lengo lake ni kuzuia kabisa chanzo kisitolewe bila idhini. Kule B na C lengo ni kupunguza uwezekano tu. Tofauti hiyo ndogo ya maneno ndiyo inayozaa gharama. Ili kufika A, mfumo wako lazima ugundue mtu anapoanza kuingia, umcheleweshe, na uwaite watu wenye uwezo wa kumzuia wafike kabla hajamaliza. Kwa hiyo swali la kwanza la mkaguzi makini halihusu unene wa mlango. Atauliza polisi wanatumia dakika ngapi kufika hapo, saa tisa usiku, barabara ikiwa na mvua. Vizuizi vinapimwa kwa jibu hilo.

Katika utekelezaji, jiandae kuwa na haya:

- Orodha ya majina ya wanaoruhusiwa kuingia peke yao, iliyo fupi, inayopitiwa kila mwaka. Kila jina liwe na uhakiki wa historia: hati ya tabia njema ya polisi, vyeti vilivyothibitishwa, waajiri wa nyuma waliopigiwa simu. Marekani, chini ya kanuni zake za 10 CFR sehemu ya 37, uhakiki huo hutumia alama za vidole na hurudiwa kila miaka 10.
- Mlango unaotaka uthibitisho wa aina mbili, kwa mfano kadi pamoja na namba ya siri.
- Vihisi na kamera vinavyopeleka taarifa mahali penye mtu macho saa 24. Kamera inayorekodi tu bila mtu wa kuitazama itakusaidia kesho yake, si usiku huo.
- Makubaliano ya maandishi na polisi, na zoezi la pamoja angalau mara moja kwa mwaka. Askari atakayeitwa ajue mapema jengo lile lina nini, asimame wapi, na asiguse nini.
- Mpango wa ulinzi unaotunzwa kama siri. Hapa taasisi za umma hujikwaa: zabuni ya ujenzi hutangazwa wazi ikiwa na michoro yote. Michoro ya vihisi na njia za nyaya itengwe na zabuni ya wazi, itolewe kwa mzabuni aliyeshinda na kuhakikiwa tu.

Yanayoharibika baadaye hayana maajabu. Kihisi kinacholia ovyo kila paka akipita huishia kuzimwa. Betri za akiba za kengele hufa baada ya miaka michache na hakuna aliyeweka bajeti ya kuzibadilisha. Kampuni ya ulinzi hubadilishwa, walinzi wapya hawafundishwi, na namba za siri hubaki zilezile. Mtumishi anahama, jina lake linabaki kwenye orodha. Karibu yote haya hutibiwa na mtu mmoja mwenye jina na madaraka, anayekagua kila wiki kwa fomu ya ukurasa mmoja.

*Umeme na mafundi.* Kobalti hutoa miale yenyewe, umeme unahitajika kwa kusogeza chanzo na kuzungusha mashine tu. Umeme ukikatika katikati ya kikao, springi au hewa iliyobanwa hukirudisha chanzo ndani ya kinga. Kikikwama, kuna utaratibu wa dharura: mgonjwa atolewe kwanza, mlango ufungwe, kisha fimbo maalumu itumike kukisukuma kama mtengenezaji alivyoelekeza. Zoezi hilo lifanywe kabla ya kuhitajika. Ila usidanganyike kwamba kobalti haiharibiki. Mashine ya hospitali ya Mulago, Kampala, iliyosimikwa mwaka 1995, ilikufa mwaka 2016, na wagonjwa wengine ikabidi wavuke hadi Nairobi. Mbadala wake ulizinduliwa mwanzoni mwa 2018. Na kumbuka pia kwamba vihisi, kengele na kamera za ulinzi vinataka umeme hata kama chanzo hakiutaki.

*Tiba.* Nishati ya wastani ya miale ni MeV 1.25 (MeV ni kipimo cha nishati). Dozi hufikia kilele nusu sentimeta chini ya ngozi, na kwa kina cha sentimeta 10 hubaki takriban asilimia 56 ya kilele hicho. Kwa kichwa na shingo, kwa mifupa, na kwa wagonjwa wembamba, inatosha vizuri. Kwa nyonga ya mtu mnene, ngozi na tishu za juu hubeba zaidi ya zinavyostahili, na kingo za miale hazikatiki kwa ukali. Nguvu nayo hushuka kwa karibu asilimia 1 kila mwezi: kikao cha dakika 1.5 leo kitakuwa cha dakika 3 baada ya miaka 5.27. Foleni hurefuka polepole kiasi kwamba hakuna anayeitambua hadi wagonjwa wanapotibiwa saa mbili usiku.

*Watu.* Mtaalamu wa fizikia tiba anahitajika hapa pia, pamoja na afisa wa usalama wa mionzi na mtu wa ulinzi wa chanzo. Vyeo hivi viwili vya mwisho visivaliwe na mtu mmoja ambaye tayari ana kazi ya tatu.

*Fedha.* Jumlisha bei ya mashine, banka (chumba cha kuta nene za kuzuia mionzi), chanzo kipya kila miaka 5 hadi 7, usafiri wake, mfumo wa ulinzi na matengenezo yake, na akiba ya kurudisha chanzo cha mwisho. Kila kubadilisha chanzo ni uagizaji mpya wa Kundi la 1: nchi inayouza inapaswa kupata ridhaa ya nchi inayopokea, na kutoa taarifa ya safari angalau siku 7 kabla. Karatasi hizo huchukua miezi. Anza mwaka mzima kabla.

*Siku ya mwisho.* Hesabu hii ifanywe mbele ya bodi. Chukua chanzo kilichoingia na terabekereli 370. Kwa tiba kitafaa miaka 5 hadi 7. Kushuka chini ya terabekereli 30, yaani kutoka Kundi la 1, kitachukua takriban miaka 19. Kushuka chini ya terabekereli 0.3, mpaka wa chini wa Kundi la 2, kitachukua takriban miaka 54. Kwa maneno mengine, chanzo kisichorudishwa hutibu kwa miaka 7 na kulindwa kwa vizazi viwili.

Ajali na wizi mkubwa wa vyanzo vya hospitali umetokea zaidi kwa vyanzo vilivyokwisha kuacha kazi. Goiânia, Brazil, mwaka 1987: kituo cha tiba kilihama kikaacha mashine ya sesiamu-137 yenye terabekereli 50.9 katika jengo la zamani. Waokota vyuma waliichukua, watu 4 wakafa, 249 wakakutwa wamechafuka, na zaidi ya 112,000 wakapimwa uwanjani. Mexico, Desemba 2013: lori lililobeba chanzo cha kobalti cha hospitali ya Tijuana, chenye takriban terabekereli 111, liliporwa likiwa njiani kwenda kwenye hifadhi. Waporaji walitaka lori. Hakuna gaidi katika visa hivyo viwili, na hapo ndipo funzo la ulinzi lilipo: kama mwokota vyuma aliweza, mwenye nia mbaya angeweza pia.

Kwa hiyo mkataba wa ununuzi uwe na kifungu cha kurudisha, chenye bei au kanuni ya bei, na jina la atakayetoa kasha la usafiri la aina B (lililojengwa kustahimili ajali). Ufaransa imelifanya hili kuwa sheria: chanzo kilichozibwa ndani ya kapsuli kina ukomo wa miaka 10, na muuzaji analazimika kukipokea. Kama nchi yako haina sheria hiyo, itie kwenye mkataba mwenyewe.

NJIA YA PILI: Linaki peke yake

*Leseni na ulinzi.* Linaki hutengeneza mionzi kwa umeme. Ikizimwa, ndani yake hakuna cha kumfaa mwizi wa mionzi. Bado utahitaji leseni, mahesabu ya kinga ya banka, vipimo vya mdhibiti na mifumo ya kukata miale mlango ukifunguliwa, lakini kiwango A hakikuhusu. Hii ndiyo sababu Marekani na nchi kadhaa husaidia kifedha wanaoacha vyanzo vikali.

Ila kuna mtego. Kituo kinachotibu saratani ya mlango wa kizazi, na katika Afrika Mashariki hicho ni karibu kila kituo, kitahitaji pia tiba ya mionzi kutoka ndani, brakitherapi. Mashine hiyo hutumia chanzo kidogo cha iridiamu-192 au kobalti-60, na IAEA huiweka Kundi la 2. Kwa hiyo linaki haikutoi kwenye sheria ya ulinzi moja kwa moja; inakushusha ngazi moja. Iridiamu ina nusu uhai (muda wa nguvu kushuka kwa nusu) wa siku 74, hivyo chanzo hubadilishwa kila miezi 3 hadi 4, na kila mara cha zamani lazima kiondoke. Kobalti ya brakitherapi hukaa takriban miaka 5. Ukiwa mbali na uwanja wa ndege na forodha yako ni ya kusuasua, kobalti hupunguza safari. Ukiwa na ndege za uhakika na mkataba wa kubadilishana kimoja kwa kimoja, iridiamu haikuachii mabaki ya muda mrefu.

*Umeme na mafundi.* Hapa ndipo linaki huumia. Inataka umeme wa fezi tatu uliotulia, kipoza maji, na kiyoyozi kisicholala. Hata ikiwa haitumiki, pampu za ombwe zinapaswa kuendelea kupata umeme. Kukatika kwa muda mrefu huharibu ombwe na kurudisha mashine kazini huchukua siku. Jenereta inayowaka baada ya sekunde 30 haitoshi bila betri za kuziba pengo. Vinavyokufa mara nyingi ni magnetroni au klistroni (zinazozalisha mawimbi ya kuendeshea mashine), pampu za maji, na injini ndogo zinazosogeza vipande vya kolimeta (kifaa kinachoumba umbo la miale). Vumbi na joto huharakisha. Uliza muuzaji mambo mawili: vipuri hivyo viko ghala gani, na fundi wake wa karibu yuko mji gani. Jibu la "tutamleta kutoka Ulaya" maana yake ni wiki kadhaa za foleni kusimama.

*Tiba.* Miale ya MV 6 (MV, megavolti, ni kipimo cha ukali wa miale) hufikia kilele sentimeta 1.5 chini ya ngozi, na kwa sentimeta 10 hubaki takriban asilimia 67. Kingo ni kali, na unaweza kuiumba dozi kufuata uvimbe. Kwa tezi dume, kwa uvimbe ulio karibu na uti wa mgongo, na kwa watoto, tofauti ni kubwa.

*Watu.* Unahitaji wafizikia tiba zaidi ya mmoja, kwa sababu ukaguzi wa asubuhi ni mrefu na mipango ya tiba ni migumu, pamoja na mhandisi wa ndani aliyefunzwa na mtengenezaji. Linaki ya kisasa inayotumika kama kobalti, miale miwili ya mraba kwa kila mgonjwa, ni fedha zilizotupwa.

*Fedha.* Bei ni ya juu, na mkataba wa matengenezo kwa mwaka mara nyingi huwa kati ya asilimia 5 na 10 ya bei ya mashine. Bajeti isiyo na mkataba huo kwa miaka yote si bajeti. Banka nayo: iliyojengwa kwa kobalti kwa kawaida haitoshi linaki bila kuongezwa zege au risasi, wakati iliyojengwa kwa linaki ya MV 6 huweza kupokea kobalti. Ukijenga sasa, jenga kwa ajili ya linaki hata kama unaanza na kobalti.

*Siku ya mwisho.* Rahisi. Linaki za zaidi ya MV 10 huacha vipande vichache vya chuma vilivyopata mionzi hafifu kwenye kichwa cha mashine (sehemu inayotoa miale), vinavyopimwa na kuwekwa pembeni hadi vitulie. Za MV 6 karibu hazina tatizo hilo.

NJIA YA TATU: Kobalti na linaki pamoja

Huu ndio mseto wa vituo vingi vinavyokua. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ilitibu kwa kobalti kwa miaka mingi kabla ya kupata linaki mwaka 2018.

*Leseni na ulinzi.* Chanzo kimoja cha Kundi la 1 kinadai kiwango A kizima. Ulinzi haupungui nusu kwa sababu mashine ni mbili. Nafuu ndogo ni kwamba chumba cha ufuatiliaji na walinzi wanaweza kuhudumia kobalti na brakitherapi pamoja, zikijengwa upande mmoja wa jengo.

*Umeme na mafundi.* Hapa mseto unang'aa. Linaki ikilala, kobalti huendelea na wagonjwa wasiopaswa kukatishwa. Lakini mipango ya tiba haihamishiki yenyewe kutoka mashine moja kwenda nyingine. Lazima mtaalamu aihesabu upya. Amueni mapema ni wagonjwa wa aina gani watahamishwa linaki ikilala zaidi ya siku 2.

*Tiba.* Gawanya kazi: linaki kwa tiba ya kuponya, kobalti kwa kutuliza, kwa mfano gray 8 (gray ni kipimo cha dozi) kwa kikao kimoja kwa saratani iliyofika kwenye mfupa. Mgao huu huondoa sehemu kubwa ya foleni.

*Watu na fedha.* Unalipia vyote viwili. Hakuna ujanja.

*Siku ya mwisho.* Njia hii ina hatari yake ya pekee: linaki ikizoeleka, kobalti hugeuka "ya akiba", kisha "ya stoo". Mwaka 2000, Samut Prakan, Thailand, kichwa cha mashine ya kobalti iliyoachwa kilikuwa kimehifadhiwa katika uwanja wa magari bila idhini. Kikaishia kwa wauza vyuma chakavu na watu 3 wakafa. Weka sharti la maandishi: kobalti ikipita miezi 12 bila kutibu, taratibu za kuirudisha zinaanza zenyewe, bila kusubiri kikao.

Neno fupi kuhusu mashine za kunururisha damu

Wanaochagua mashine ya benki ya damu (ya kupiga mionzi mifuko ya damu kabla ya kumpa mgonjwa) wana swali dogo zaidi. Mashine za zamani hutumia kloridi ya sesiamu-137, ambayo ni chumvi inayoyeyuka, yenye nusu uhai wa miaka 30, na ni Kundi la 1. Mashine za eksirei hufikia kipimo kilekile, gray 25 katikati ya mfuko na isiyopungua 15 popote. Norway na Ufaransa zimekwisha kuziondoa za sesiamu. Marekani, kwa sheria ya 2018, iliweka lengo la kuziondoa kwa hiari ifikapo tarehe 31 Desemba 2027. Hata kuziondoa kunataka mikono ya kitaalamu: Seattle, Mei 2019, chanzo kilitobolewa wakati wa kukitoa, watu 13 wakachafuka, na usafishaji wa jengo ukagharimu zaidi ya dola milioni 100. Kwa ununuzi mpya wa kazi hii ni vigumu kuona hoja ya sesiamu, isipokuwa pale ambapo umeme na vipuri vya tyubu za eksirei havipatikani kabisa. Na kama idadi ya mifuko ni ndogo na linaki ipo jirani, linaki inaweza kuifanya kazi hiyo baada ya saa za wagonjwa.

Kulingana na hali yako

*Umeme wako hukatika kila siku, fundi wa linaki yuko nchi nyingine, na hakuna kituo kingine cha tiba kwa mamia ya kilomita.* Kobalti ni chaguo la haki, mradi kifungu cha kurudisha kimesainiwa na polisi wa wilaya wameshirikishwa kabla ya chanzo kuagizwa. Jenga banka ya linaki.

*Uko mji mkubwa, una wafizikia tiba wawili au zaidi, na bajeti ya matengenezo imo kwenye kasma ya kila mwaka.* Linaki. Mbili zinazofanana kwa miale ni bora kuliko moja ya kifahari, kwa sababu mgonjwa anahamia ya pili bila kuhesabiwa upya.

*Kobalti unayo, chanzo kimepita miaka 6, na fedha za linaki zimeahidiwa ila hazijafika.* Usikae katikati. Ahadi isiyo na tarehe ichukuliwe kama haipo: agiza chanzo kipya, na cha zamani kiondoke kwa safari ileile. Kama tarehe ipo na ni ndani ya miezi 18, bana ratiba, endelea na chanzo kilichopo, na anza mazungumzo ya kukirudisha sasa.

*Umepewa kobalti iliyotumika kama msaada.* Dai vitu vitatu kabla ya kusema asante: cheti cha chanzo chenye namba, nguvu ya awali na tarehe yake, barua ya mtengenezaji au mfadhili kukubali kukipokea tena, na taarifa kama kichwa kina urani hafifu (metali nzito ambayo nayo ina mionzi kidogo) ndani ya kinga, maana baadhi ya mashine za zamani zinayo na mdhibiti ataihesabu kivyake. Kimoja kikikosekana, kataa kwa heshima.

*Mdhibiti wa nchi yako bado hana wakaguzi wa ulinzi, na polisi hawajawahi kufanya zoezi la namna hii.* Linaki, na brakitherapi ya iridiamu kwa mkataba wa kubadilishana. Kundi la 1 lisubiri.

*Chanzo kisichotumika kiko stoo sasa hivi.* Uchaguzi wa mashine mpya usimame hadi hili liende. Mfuatano ni huu: usikifungue wala kukihamisha, mtaalamu apime mionzi kuzunguka kichwa na aandike namba za kibao chake, rudisha ulinzi wa kiwango A chumbani humo leo, mwandikie mdhibiti ndani ya wiki, tafuta cheti cha chanzo, kwanza faili la manunuzi, kisha kwa mtengenezaji. Mtengenezaji akiwa amefilisika, uliza hifadhi ya taifa (Tanzania ipo Arusha kwa TAEC, Kenya ipo Oloolua nje ya Nairobi) kama inapokea Kundi la 1 na kwa masharti gani, na upate jibu kwa maandishi. IAEA nayo husaidia nchi wanachama kuondoa vyanzo vya aina hii, ila ombi hupitia serikalini, kwa hiyo barua yako ianzie kwa mdhibiti. Hadi kasha la aina B lifike mlangoni, ukaguzi wa kila wiki uendelee, na fomu iwe na sahihi ya watu wawili.